Moyo Usioweza Kulegea

Tarehe 3 Desemba 1967, katika Hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, daktari Christiaan Barnard na wenzake walimpandikiza Louis Washkansky moyo wa mwanamke kijana aliyekuwa amegongwa na gari. Dunia nzima ilizungumzia moyo ulioingia kifuani. Sisi tunaoshughulika na seli za moyo tuna deni kubwa zaidi kwa mioyo iliyotoka. Upandikizaji ulipozoeleka, hasa Marekani katika miaka ya 1970 na 1980, maabara zilipata kitu ambacho hazikuwahi kuwa nacho kwa wingi: moyo wa binadamu uliochoka kabisa, seli zake zingali hai, muda mfupi tu baada ya kutolewa kifuani. Kabla ya hapo moyo unaoshindwa ulijulikana zaidi kwa kuusikiliza kwa nje, kwa picha ya eksirei na kwa kupasua maiti. Na maiti hana umeme.

Mwaka 1987 Judith Gwathmey na wenzake wa Boston walichapisha walichokiona. Walichukua ukanda mwembamba wa msuli kutoka kwenye mioyo hiyo, wakauning'iniza ndani ya maji ya chumvi yenye oksijeni, wakawa wanauchochea kwa umeme ili ukaze na kulegea. Ndani ya seli zake walipenyeza aekworini, protini ya konyeza wa baharini ambayo hutoa mwanga inapokutana na kalisiamu. Kwa hiyo walikuwa wakilitazama pigo la moyo kwa namna mbili kwa wakati mmoja: kipimo cha nguvu kikivutwa, na mwanga ukiwaka na kuzimika. Katika msuli wa moyo mzima mwanga uliwaka mara moja ukazimika upesi. Katika msuli wa wagonjwa uliwaka, kisha ukachelewa kuzimika, na msuli nao ukachelewa kulegea. Kalisiamu ilikuwa inafika kazini. Kuiondoa ndiko kulikoishinda seli.

Nimeanza na ukanda huo kwa sababu watu wengi, na hata baadhi yetu tunaovaa koti jeupe, tumezoea kusema moyo wa mgonjwa "umekosa nguvu". Nguvu zimepungua kweli. Lakini ukiingia ndani ya seli unakuta kwamba mzizi mkubwa wa shida ni kulegea, na kwamba seli, katika kuhangaika na shida hiyo, inabadilisha umeme wake kwa namna inayoweza kumuua mtu akiwa usingizini, hata akiwa amelala salama na pumzi yake imetulia.

Tuanze na seli nzima. Urefu wake ni takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Utando wake unatenganisha chumvi za ndani na za nje: nje kuna sodiamu na kalisiamu kwa wingi, ndani kuna potasiamu. Seli ikipumzika, ndani yake huwa na umeme hasi wa karibu milivolti 90 ukilinganisha na nje. Tofauti hiyo inalindwa na pampu aliyoigundua Jens Christian Skou wa Denmark mwaka 1957, ambayo kila mzunguko hutoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani, usiku na mchana, kwa gharama ya nishati. Nitairudia pampu hiyo, maana wawindaji wa Afrika Mashariki walijua kuisimamisha karne nyingi kabla Skou hajazaliwa.

Amri ya kupiga hutoka kwenye kifundo kidogo kilicho kwenye chumba cha juu cha upande wa kulia wa moyo, ambacho Arthur Keith na Martin Flack walikieleza mwaka 1907 baada ya Flack kukiona kwenye moyo wa fuko. Kutoka hapo umeme hupita seli hadi seli kupitia vijitundu vinavyoziunganisha, husubiri karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde kabla ya kushuka ili vyumba vya juu vimalize kumimina damu, kisha hukimbia kwenye nyuzi za Purkinje na kuzifikia kuta za vyumba vya chini karibu zote kwa pamoja. Haya huenda vizuri takriban mara 100,000 kwa siku, nasi hatuyasikii.

Umeme unapoifikia seli, milango ya sodiamu hufunguka ghafla na sodiamu huingia kwa kishindo, hata ndani ya seli kukageuka kutoka hasi kuwa chanya. Kwenye neva mambo yangekwisha katika milisekunde moja au mbili. Seli ya moyo hubaki juu kwa robo ya sekunde na zaidi, kwa kuwa baada ya sodiamu hufunguka milango ya kalisiamu, na hiyo huingia taratibu. Kipindi hicho kirefu ni kinga: amri nyingine ikija mapema, seli haiipokei, kwa hiyo moyo haukakamai kama msuli wa mguu unavyoweza kukakamaa. Mwishowe milango ya potasiamu hufunguka, potasiamu hutoka, na seli inarudi kwenye hali yake ya hasi. Kumbuka milango hii ya potasiamu, ndiyo inayofunga pigo.

Umuhimu wa kalisiamu ulifahamika kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 Sydney Ringer, tabibu wa London, aliona moyo wa chura ukiendelea kupiga vizuri ndani ya maji ya chumvi. Baadaye ikabainika kwamba maji hayo yalitengenezwa kwa maji ya bomba, si maji yaliyokenekwa. Alipotumia maji yaliyokenekwa, moyo ulidhoofika ukasimama. Maji ya bomba ya London yalikuwa na kalisiamu.

Sasa tunajua kwamba kalisiamu inayoingia kutoka nje ni kidogo na kazi yake ni kufungua ghala lililo ndani ya seli yenyewe. Ghala likifunguka, kalisiamu nyingi humwagika, nyuzi za protini zikashikana na kuvutana, na msuli ukakaza. Ili moyo ulegee na kujaa damu ya pigo linalofuata, kalisiamu hiyo yote lazima iondoke. Karibu asilimia 70 hurudishwa ghalani na pampu iitwayo SERCA. Nyingi ya iliyobaki hutolewa nje na kibadilishaji kinachoingiza sodiamu tatu kwa kila kalisiamu moja inayotoka. Seli ikitulia, kalisiamu iliyo huru ndani yake huwa chache mara 10,000 kuliko ya nje.

Aliyewahi kusafiri kwa mashua atanielewa haraka. Chombo cha mbao huvuja kidogo siku zote, na baharia hukaa chini akifua maji kwa upo. Mashua haizami kwa sababu ina ufa. Huzama pale ufa unapokuwa mwepesi kuliko upo. Seli ya moyo nayo kila pigo inajaa na kila pigo inafuliwa, na kazi hiyo ya kufua ina gharama. Watu hudhani kukaza peke yake ndiko kunakokula nguvu, na kulegea kunakuja kwenyewe. Sivyo. Kila kalisiamu inayorudishwa ghalani inalipiwa nishati, na moyo wenye upungufu wa nishati huonyesha udhaifu wake katika kulegea mapema kuliko katika kukaza. Hii ndiyo sababu mgonjwa wa presha anaweza kuambiwa kwenye ECHO, picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kwamba moyo wake unasukuma damu sawasawa, na bado akashindwa kulala bila mito mitatu.

Kwetu presha ndiyo inayoongoza. Utafiti uliofanywa Muhimbili, Dar es Salaam, kwa wagonjwa 427 wenye moyo unaoshindwa kufanya kazi, na kuchapishwa mwaka 2014, ulikuta kwamba presha ilikuwa chanzo kwa asilimia 45 kati yao, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55. Ulaya wagonjwa wa aina hii kwa kawaida wamepita miaka 70. Sisi tunawapata wakiwa bado wanasomesha watoto.

Presha inaposukuma ukuta wa moyo mwaka baada ya mwaka, seli haziwezi kuongezeka kwa idadi ili kugawana kazi. Jonas Frisén na wenzake wa Stockholm walilithibitisha hilo mwaka 2009 kwa njia ya ajabu: walipima kaboni ya mionzi iliyosambazwa hewani na majaribio ya mabomu ya nyuklia wakati wa Vita Baridi, ikaingia kwenye vyakula na hatimaye kwenye chembe za urithi za watu. Kwa hesabu yao, mtu wa miaka 25 hubadilisha asilimia 1 tu ya seli za msuli wa moyo kwa mwaka, na kasi hiyo hupungua anavyozeeka. Zaidi ya nusu ya seli ulizozaliwa nazo utazikwa nazo. Seli hizo zikizidiwa, kilichobaki ni kunenepa kila moja peke yake.

Katika kunenepa huko seli hurudi nyuma. Jeni zilizokuwa zikitumika moyo ulipokuwa wa kijusi tumboni huwashwa tena, na zile za utu uzima hupunguzwa sauti. Seli huanza kuacha mafuta, ambayo ndiyo kuni kuu za moyo mzima, na kuegemea zaidi sukari. Hutengeneza nyuzi zinazovuta polepole. Na hupunguza mambo mawili ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kiini cha ugonjwa: pampu za SERCA na milango ya potasiamu.

Milango ya potasiamu ikipungua, pigo la umeme linachukua muda mrefu zaidi kufungwa. Mwanzoni hili husaidia. Seli ikikaa juu kwa muda mrefu, kalisiamu nyingi zaidi inapata nafasi ya kuingia, na msuli dhaifu unapata nguvu kidogo. Mgonjwa hajisikii lolote. Anaendelea na shamba lake au duka lake. Lakini wakati huohuo pampu ya SERCA imepungua, milango ya ghala imeanza kupitisha kalisiamu hata wakati wa mapumziko, na mifereji myembamba inayopeleka umeme katikati ya seli imevurugika, hivyo sehemu za seli hukaza kwa kuchelewa. Ufa umepanuka na upo umekuwa mdogo. Ghala linabaki nusu tupu, ndiyo maana pigo ni dhaifu. Na kalisiamu inazagaa nje ya ghala, ndiyo maana msuli haulegei. Kasoro hizo mbili zimetoka mahali pamoja.

Matokeo yake yanaonekana vizuri mtu anapoharakisha. Mwaka 1871 Henry Bowditch, akifanya kazi Leipzig kwenye moyo wa chura, alionyesha kwamba mapigo yakichochewa mfululizo kila moja huja na nguvu zaidi ya lililotangulia. Moyo wa binadamu mwenye afya una tabia hiyo: ukipiga haraka, kalisiamu nyingi zaidi hurudishwa ghalani, na pigo linakuwa na nguvu. Msuli uliotolewa kwa wagonjwa wa upandikizaji ulionyesha kinyume. Ukichochewa haraka, ulidhoofika. Seli haikupata muda wa kufua kabla ya amri nyingine kufika. Wagonjwa huyasema haya bila kusoma fiziolojia: "Daktari, nikitembea polepole niko sawa. Nikikimbilia daladala tu, pumzi inakata." Mapafu yao hayana kosa. Moyo unaopiga mara 120 kwa dakika umenyimwa nafasi ya kulegea.

Mwili hauoni hivyo. Ubongo unachopata ni taarifa kwamba damu haitoshi, nao hujibu kwa jawabu moja la zamani, adrenalini na ndugu zake: piga haraka, piga kwa nguvu. Mwaka 1982 Michael Bristow na wenzake walipima mioyo iliyotolewa kwa wagonjwa wa upandikizaji na kukuta vipokezi vya adrenalini vimepungua kwa takriban nusu. Naliona jambo hilo kama ombi la seli. Imeziba nusu ya masikio yake ili isiendelee kuamrishwa kazi isiyoiweza.

Sasa tuje kwenye kifo cha ghafla, ambacho familia nyingi hukipokea kwa mshangao. Mgonjwa alikuwa anaendelea vizuri, miguu imeshuka uvimbe, jana alikula na kucheka. Usiku moyo umesimama. Ndugu hutafuta maelezo, na wakati mwingine hutafuta mtu wa kumlaumu. Maelezo yapo ndani ya seli niliyoieleza.

Kalisiamu inayovuja ghalani wakati moyo umepumzika hukutana na kile kibadilishaji cha utando. Kumbuka hesabu yake: sodiamu tatu ndani, kalisiamu moja nje. Kila sodiamu ina chaji moja na kalisiamu ina mbili, kwa hiyo kila kalisiamu inayotolewa huacha ndani chaji moja chanya ya ziada. Zikitolewa nyingi kwa wakati mmoja, chaji hizo zinatosha kuizindua seli kabla ya zamu yake. Seli iliyoamka hivyo huzivuta jirani zake, na moyo unapiga pigo ambalo kifundo hakikuliamuru. Njia ya pili inatokana na ule urefu wa pigo: seli ikikawia juu kupita kiasi, milango ya kalisiamu hufunguka upya katikati ya pigo hilohilo na kuanzisha jingine. Pigo moja la ziada si kitu. Watu wazima wengi wanalo. Hatari ni pale linapokutana na ukuta wenye makovu na seli ambazo vijitundu vyake vya kuunganisha vimehama mahali pake. Umeme unakwama upande mmoja, unazunguka upande wa pili, unarudi ulikotoka, na kuanza kujizungusha bila mwisho. Vyumba vya chini vinatetemeka badala ya kusukuma, na ubongo unakosa damu ndani ya sekunde chache.

Sehemu ya hatari hii inaonekana kwenye karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na ningependa kila mganga wa zahanati aizoee. Karatasi hutembea milimita 25 kwa sekunde na ina miraba midogo ya milimita moja, kwa hiyo kila mraba mdogo ni sekunde 0.04. Hesabu miraba kuanzia mwanzo wa mchongoko mkubwa hadi pale wimbi la mwisho, lile la T, linapotua kwenye mstari. Kwa moyo unaopiga mara 60 kwa dakika, miraba 10 au pungufu, yaani milisekunde 400, ni hali ya kawaida. Ukifika miraba 12 na nusu, milisekunde 500, kuna jambo la kushughulikia siku hiyohiyo. Umbali huo ni picha ya muda ambao seli za vyumba vya chini zinachukua kujifunga, na moyo unaoshindwa tayari umeurefusha wenyewe. Kisha sisi huongeza. Dawa za kukojoza tunazowapa wagonjwa kupunguza uvimbe huondoka na potasiamu, na potasiamu ikipungua kwenye damu milango yake hufanya kazi vibaya zaidi. Mgonjwa huyohuyo akiugua malaria kali akapewa kwinini, au akapewa baadhi ya dawa za magonjwa ya akili, au eritromaisini kwa kifua, mlango uliobaki nao unazibwa. Kila dawa peke yake ina sababu yake. Zikikutana kwa mtu mwenye moyo huu, pasipo kupimwa potasiamu wala ECG, ndipo yanapotokea ya usiku.

Nilisema wawindaji wetu waliijua pampu ya Skou. Mti wa msunguti, unaoota pwani na bara, hutoa sumu ambayo kwa vizazi vingi imechemshwa na kupakwa kwenye mishale kuanzia Pembe ya Afrika hadi Ukambani na kwa Wagiriama. Kiini chake, ouabaini, kilitengwa na Arnaud huko Ufaransa mwaka 1888. Kuna hata panya mmoja mkubwa mwenye manyoya marefu, wa huku kwetu, anayetafuna gome la mti huo na kujipaka mate yake ubavuni. Mbwa anayemuuma hujuta. Kusini zaidi, John Kirk, ambaye Wazanzibari wanamkumbuka kama balozi wa Uingereza, alipokuwa kwenye msafara wa Livingstone huko Zambezi alihifadhi sumu ya mishale iitwayo kombe karibu na mswaki wake. Alipopiga mswaki alihisi uchungu mdomoni na mapigo yake yakashuka. Kutokana na sumu hiyo Thomas Fraser wa Edinburgh alitengeneza dawa ya moyo, strofanthini.

Sumu hizi, pamoja na digoksini inayotoka kwa mmea wa Ulaya wa jamii moja na ule alioueleza William Withering mwaka 1785, hufanya jambo moja. Zinaisimamisha pampu ya sodiamu. Sodiamu ikijaa ndani, kibadilishaji hakina tena msukumo wa kuitoa kalisiamu, kalisiamu inabaki, ghala linajaa, na pigo linakuwa na nguvu. Kwa kipimo kidogo ni dawa. Kikizidi kidogo tu, ghala linafurika na kuvuja, mapigo ya ziada yanaanza, na mgonjwa anakufa kama swala alivyokufa. Ndiyo maana digoksini ni dawa ninayoiheshimu kwa hofu. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1997, la wagonjwa 6,800, lilionyesha kwamba inapunguza kulazwa hospitalini lakini haipunguzi vifo. Potasiamu ikiwa chini, digoksini hushika pampu kwa nguvu zaidi, kwa hiyo kuitoa pamoja na dawa ya kukojoza bila kupima damu ni kubahatisha maisha ya mtu.

Dawa nyingine za kuusukuma moyo zilifanya vibaya zaidi. Milrinoni ya kumeza ilifanya wagonjwa waonekane wamepata nguvu. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa 1,088, matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha vifo vimeongezeka kwa asilimia 28. Nguvu hiyo ilinunuliwa kwa kalisiamu, na seli haikuwa na uwezo wa kuilipa.

Aliyekuwa sahihi ni mtu aliyefanya kinyume. Mwaka 1975 Finn Waagstein na wenzake wa Göteborg, Sweden, waliripoti wagonjwa saba wenye moyo uliotanuka ambao waliwapa betabloka, dawa inayozuia adrenalini isiufikie moyo. Kwa vitabu vya wakati ule hilo lilikuwa kosa: unamnyima mgonjwa msukumo wa mwisho alionao. Wagonjwa waliimarika. Wengi hawakuamini, na ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka mwaka 1999, bisoprololi ilipojaribiwa kwa wagonjwa 2,647 na metoprololi kwa 3,991. Katika kila jaribio vifo vilipungua kwa asilimia 34, na vile vya ghafla kwa zaidi ya asilimia 40. Ukishaelewa seli, hakuna cha kushangaza. Moyo umepunguziwa kasi, umepata muda wa kufua, milango ya ghala imeacha kuchokozwa na adrenalini, na umeme umetulia.

Lakini dawa hii ina mwanzo mgumu, na hapa ndipo tunapowapoteza wagonjwa. Bisoprololi huanza kwa miligramu 1.25 na kupandishwa kwa wiki kadhaa. Katika wiki za kwanza mgonjwa anaweza kujisikia mchovu kuliko awali, kwa sababu msukumo umeondolewa na ukarabati bado haujafanyika. Asipoelezwa, ataviacha vidonge kabatini. Dakika tano za maelezo, kwa Kiswahili kinachoeleweka, mbele ya mwenza wake au mtoto anayempikia, ni sehemu ya tiba.

Ukarabati wenyewe upo. Mwaka 2002 Brian Lowes, Bristow na wenzao walilinganisha vipande vidogo vya msuli vilivyochukuliwa kwa wagonjwa kabla na baada ya betabloka. Kwa wale ambao moyo wao ulianza kusukuma vizuri, jeni ya SERCA ilikuwa imepanda tena, na nyuzi za kijusi zilikuwa zikipungua. Seli ilikuwa inarudi utu uzimani. Wengine walijaribu kufupisha njia kwa kuipeleka jeni ya SERCA ndani ya moyo kwa kutumia virusi visivyo na madhara. Wagonjwa 250 walishiriki, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2016 hayakuonyesha nafuu. Sioni kama hilo limevunja hoja. Kufikisha jeni kwenye seli za kutosha za moyo wa mtu mzima ni kazi ambayo bado haijawezekana vizuri.

Na kurudi huko si kupona moja kwa moja. Mwaka 2019 watafiti wa London walichapisha matokeo ya watu 51 waliowahi kuwa na moyo uliotanuka, ambao sasa hawakuwa na dalili na ECHO zao zilikuwa za kawaida. Watu 25 waliachishwa dawa hatua kwa hatua, wengine wakaendelea. Katika miezi sita, 11 kati ya hao 25 walirudiwa na ugonjwa. Kati ya walioendelea na dawa, hakuna hata mmoja. Wagonjwa wetu hufanya jaribio hilo nyumbani kila siku bila mtu wa kuwafuatilia: uvimbe umeisha, ngazi zinapandika, dawa ni ghali, kwa nini niendelee? Swali ni la haki. Ila ECHO inaonyesha kuta na mwendo wa damu. Hakuna kipimo cha kliniki kinachoonyesha ni pampu ngapi za SERCA zimerudi kwenye ghala, wala kama milango yake imeacha kuvuja. Mpaka kipimo hicho kipatikane, vidonge vinaendelea.